Nyavu Zikishashuka, Mwenye Tanga Ndiye Apishe

Mvuvi aliyekwisha kushusha nyavu hampishi mwenye tanga. Naanza hapo kwa sababu ndipo ubishi ulipo hapa Nungwi, kaskazini ya Unguja, na wanaobisha wengi ni wenzangu, sisi manahodha wa vyombo vya tanga vinavyochukua wageni. Tumefundishwa kwamba chombo cha mashine hukipisha chombo cha tanga. Ni kweli. Lakini wapo waliochukua kipande hicho cha fundisho wakakifanya fundisho zima, wakatoka nacho baharini wakiamini kwamba tanga likishapanda mlingotini kila aliye mbele yao ni wa kuondoka.

Mimi ni mtoto wa diko, pale vyombo vya uvuvi vinapofikia. Baba yangu alikuwa mvuvi wa jarife, wavu mrefu unaotegwa majini, na kaka zangu wawili mpaka leo wanavua, mmoja wa mshipi na mmoja wa dagaa. Mimi ndiye niliyeacha nyavu nikashika kana (mpini wa usukani) ya mashua ya wageni. Kwa hivyo ugomvi wa wavuvi na watu wa matanga kwetu hauishii pwani, unakuja mpaka kwenye sinia la chakula, na kila upande unataka nikubali kwamba mwenziwe ndiye mkosa.

Msimu uliopita wa kaskazi katamarani moja ya wageni, chombo cha tanga chenye mabodi mawili, sitaitaja, ilipita juu ya jarife la kijana wa hapa hapa, magharibi ya ras, njia ya kuelekea kisiwa kidogo cha Mwana wa Mwana. Usukani ukanasa. Nahodha akaamrisha nyavu zikatwe, wakaenda zao na machweo yao. Kijana alikusanya alichoweza kukikusanya, na jioni ile alipokwenda kudai akajibiwa kwa sauti ya upole kabisa: "Sisi tulikuwa kwenye tanga, ndugu yangu. Wewe ndiye ulitakiwa utupishe." Aliyejibu hakuwa na kiburi. Aliamini alichokisema, na hilo ndilo lililonikosesha usingizi, maana mtu mwenye kiburi unaweza kumwaibisha, lakini aliyefundishwa nusu inabidi umfundishe nusu ya pili.

Sheria yenyewe ni moja dunia nzima. Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini zilipitishwa mwaka 1972 na zikaanza kutumika mwezi wa Julai 1977, na kanuni ya 18 ndiyo inayopanga nani ampishe nani. Chombo kinachokwenda kwa mashine kipishe cha tanga. Chombo cha tanga kipishe kinachovua. Na wote hao wampishe aliyeharibikiwa hata hawezi kuongoza chombo chake, pamoja na yule ambaye kazi aliyonayo imemfunga pale alipo, kama meli inayochimba mchanga wa bandari au inayolaza waya chini ya bahari.

Ukiutazama mpango huo utaona haumpendelei mvuvi kwa sababu ni maskini, wala haumnyimi mwenye yoti kwa sababu yuko starehe. Unauliza jambo moja tu: kati yenu wawili, nani anaweza kuondoka pale alipo? Mwenye mashine anaweza kwenda kokote, hata dhidi ya upepo. Mwenye tanga ana pande asizoweza kwenda, lakini zilizobaki ni zake. Mvuvi mwenye jarife majini amefungwa kama ng'ombe kwenye mnazi. Ukimwambia akupishe unamwambia akate kamba, na mwisho wa kamba ile ndiko kuliko chakula cha watoto wake.

Sasa nyavu ziko wapi? Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu wenzangu wengi wako tayari kupisha ila hawajui wanachokipisha. Wanaiona mashua, wanaikwepa mashua, halafu wanaingia kwenye nyavu.

Tuanze na jarife linaloelea. Hushushwa jioni au usiku, likaachwa liende na maji huku mashua imeshikana nalo kwa kamba. Mashua ina ubavu na mlingoti, upepo unaisukuma. Nyavu ziko ndani ya maji, upepo hauzifikii. Kwa hivyo mashua daima hutaka kukimbia chini ya upepo kuliko nyavu zake, kamba inakaza, na omo, yaani mbele ya mashua, inageuka kutazama zilipo nyavu. Ukiiona mashua imetulia kwenye maji marefu, tanga limeshushwa, omo inatazama unakotoka upepo, basi nyavu ziko mbele yake, na zinaweza kufika mamia ya mita kabla hujalikuta chelezo (boya la nyavu) la mwisho lenye kijiti na kitambaa. Pita tezi, yaani nyuma yake. Usiwahi kupita omo ya mashua ya namna hiyo, hata kama maji ya mbele yake yanaonekana meupe na matupu.

Ninajua kwa nini nahodha hataki kupita tezi. Anarudi kutoka Tumbatu, kaskazi inamjia usoni, amepiga bisha tangu saa tisa, akipinda huku na huku dhidi ya upepo, na kila hatua ya kwenda joshi, upande unakotoka upepo, ameipata kwa jasho. Kupita tezi ya mvuvi kunamlazimu aangushe omo chini ya upepo na kuyapoteza maji aliyoyapata. Wageni wana miadi ya chakula hotelini. Uchungu huo naujua vizuri. Lakini ni uchungu wa nusu saa, na jarife likikatwa ni uchungu wa miezi.

Mvuvi wa mshipi ni habari nyingine, na hapa ile "pita tezi" inaweza kukuponza. Yeye amefunga nanga juu ya mwamba. Mkondo ukiwa mkali, hasa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kwa wingi, mishipi yote haishuki wima, inalala kuelekea nyuma ya chombo. Ukimpitia tezi kwa karibu unaikata mishipi, na ukimpitia omo kwa karibu unakutana na kamba ya nanga ambayo nayo imelazwa na mkondo huo huo. Kwa huyu dawa ni nafasi. Mpe maji mengi pande zote, na kama unatumia mashine punguza mwendo ungali mbali, maana mawimbi ya boti yako yanamtikisa mtu aliyesimama ndani ya ngalawa ana ndoana mkononi.

Madema, ile mitego ya samaki ya kusuka, hayana mtu kabisa. Yamelala chini, na juu kuna chupa ya plastiki au kipande cha boya kilichopauka. Maji yakijaa na mkondo ukivuta, boya jingine huzama likafichika. Penye moja tarajia mengine, kwa kuwa mvuvi wa madema hutega kwa mstari kufuata ukingo wa mwamba. Wapiga mbizi nao hawana hata chupa. Mara nyingi unachokiona ni hori tupu, mtumbwi mdogo, linaelea, na watu wako chini yake. Hori tupu karibu na mwamba lisikufanye udhani limekatika kamba. Simamisha chombo, hesabu vichwa vinavyoibuka.

Halafu kuna dagaa, usiku wa giza mwezi usipokuwepo. Zamani zilikuwa karabai, kaka yangu alizianza kwa kupampu kwa mkono mpaka vidole vikawa vyeusi. Siku hizi ni taa za betri na jenereta, na mwanga wake unaonekana kutoka mbali sana. Watu hudhani chombo chenye taa kali ndicho rahisi kukikwepa. Si rahisi. Mwanga ule unakupofua. Kilicho karibu nao hukioni, na kilicho karibu nao ndicho chenye hatari: mashua ya nyavu inayozunguka gizani, haina taa inayoonekana mbele ya mwanga wa mwenzake, imeshaanza kufunga mduara. Nyavu zikishaanza kufungwa chini hakuna aliye huru pale, si mwenye taa wala mwenye nyavu, mpaka samaki wapande. Ukiona mkusanyiko wa taa za dagaa usipite katikati yao kwa kuwa umeona nafasi. Uzunguke wote. Na usiuangalie mwanga moja kwa moja; mwambie baharia wako atazame pembeni yake.

Kwa kanuni, mvuvi naye ana alama zake za kujitambulisha. Usiku, anayevua kwa nyavu au mishipi anatakiwa awashe taa nyekundu juu ya nyeupe, na anayekokota juya la meli awashe kijani juu ya nyeupe. Mchana anatundika pia mbili, yaani maumbo mawili meusi ya koni, zilizogusana kwa ncha. Zana zake zikienda zaidi ya mita 150 kutoka chomboni, aonyeshe alama ya ziada upande zilikolala. Kanuni zilipoandikwa ziliruhusu hata chombo kisichofika mita 20 kitundike kapu badala ya pia hizo, ruhusa ambayo baadaye iliondolewa. Mimi nasikitika kwamba iliondolewa. Hakuna ngalawa ya Nungwi yenye pia mbili nyeusi, lakini kapu lipo katika kila ngalawa, na kapu juu ya mlingoti usio na tanga lingeeleweka na kila mtu kutoka hapa mpaka Lamu.

Sasa niwageukie kaka zangu, maana nao wana nusu yao ya fundisho.

Haki ya mvuvi inatokana na zana zilizomo majini. Haitokani na jina la mvuvi wala na leseni iliyo mfukoni. Kanuni ya 3 inasema wazi kwamba chombo kinachovua ni kile ambacho zana zake zinakizuia kugeuka. Anayerambaza, yaani anayeburuta mshipi nyuma huku chombo kinakwenda, hamo. Anaweza kupinda na mshipi wake ukapinda naye. Na boti ya faiba iliyojaza samaki, nyavu zimekunjwa, mashine inaunguruma kuwahi mnada wa asubuhi, hiyo ni boti ya mashine tu. Inatakiwa impishe kila mwenye tanga, awe mzee wa ngalawa, awe Mzungu wa yoti. Nimeziona boti hizo zikikata mbele ya ngalawa kwa upana wa kasia, na mwenye ngalawa ni mvuvi vile vile, tena mzee wa kumwamkia shikamoo. Tunawalaumu watu wa hoteli kwa jambo tunalofanyiana wenyewe kila siku alfajiri.

Vile vile mvuvi hana ruhusa ya kuuziba mlango. Kanuni ya 9 inamtaka anayevua asizuie chombo chochote kinachopita kwenye njia nyembamba. Kati ya Tumbatu na Unguja, pale mashua za abiria za Mkokotoni zinapovuka kutwa, kulaza nyavu kutoka ukingo hadi ukingo ni kosa hata kama samaki wamejaa pale. Baba alikuwa akisema mlango ni wa wote, na hakuwahi kuisoma kanuni yoyote. Waamu wanaopita Mkanda, ile njia ya mikoko kati ya Manda na bara, wanalijua hili kuliko sisi, kwani kule ukichelewa maji yanakupwelea na unalala hapo. Kwenye njia za bandarini, zinapopita boti kubwa za abiria za Dar es Salaam, hakuna haja ya maneno mengi: mwenye tanga na mwenye nyavu wote wawili wakae pembeni.

Na taa. Hili naliomba kwa machozi. Chombo cha tanga kisichofika mita 7, kama hakiwezi kubeba taa rasmi, kanuni ya 25 inakitaka kiwe na tochi tayari mkononi, iwashwe mapema kabla ya kugongana. Tochi. Si jambo la gharama kubwa. Lakini vijana wanatoka na ngalawa usiku wakiwa na simu yenye chaji kidogo iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni, na wanaiwasha wakishasikia maji yanavunjika mbele ya omo ya chombo kikubwa. Wakati huo nahodha wa chombo kile hana tena nafasi ya kupinda. Ukiwa na tochi, limulike tanga lako mwenyewe. Tanga jeupe lililomulikwa linaonekana mbali kuliko ile nukta ya tochi.

Ugumu wa hapa kwetu unaletwa na saa. Wavuvi wa usiku wanatoka alasiri kuelekea magharibi. Vyombo vya wageni vya machweo vinatoka alasiri kuelekea magharibi. Watu wa kazi na watu wa starehe wanakutana kwenye maji yale yale, jua limeshuka linawapiga wote machoni, na ngalawa dhidi ya mng'ao ule ni mstari mwembamba mweusi tu. Kwenye mashua yangu baharia wa omo hagawi vinywaji wakati huo. Yuko omoni, kiganja juu ya macho, kazi yake ni kutazama. Mwingine anakaa upande wa demani, ule unakokwenda upepo, na kuchungulia chini ya tanga, kwa sababu tanga letu kubwa linaficha robo nzima ya bahari na aliyeshika kana haoni kitu upande ule. Wageni wakiuliza kwa nini yule hahudumu, nawaambia anahudumu. Kanuni ya 5 inataka hivyo: macho na masikio, na kila njia nyingine inayofaa, wakati wote.

Kuna udanganyifu mmoja wa machweo ambao sina budi kuutaja. Tanga linapandishwa ili picha zipendeze, na mashine chini inaendelea kuzunguka kimya kimya. Chombo hicho si cha tanga. Kwa sheria, mashine ikisukuma, tanga ni pambo, na chombo ni cha mashine, chenye wajibu wote wa chombo cha mashine. Kinatakiwa hata kitundike pia moja ncha ikitazama chini ili wengine wajue. Anayekwenda hivyo halafu akadai apishwe kwa kuwa ana tanga anamdhulumu mzee wa ngalawa asiye na mashine yoyote, anayemwona mwenzake ana tanga na kudhani wako sawa.

Tukija kwenye tanga kwa tanga, kanuni ya 12 ni fupi. Upepo ukiwaingia pande tofauti, anayeingiwa upande wa kushoto ndiye apishe. Ukiwaingia upande mmoja, aliye juu ya upepo ampishe aliye chini. Na kwa kanuni ya 13, anayempita mwenziwe kutoka nyuma hupisha kila wakati, hata angekuwa nani. Haya yanatosha kwa yoti mbili.

Kwa yoti na mashua ya kwetu hayatoshi, na ningependa wageni wenye yoti wanaoshuka kutoka Kilifi na Tanga walijue hili. Yoti ikitaka kugeuka, nahodha anasukuma kana na tanga linavuka lenyewe. Kabla hujamaliza kunywa maji amekwisha kushika upande mpya. Mashua ya tanga la pembe tatu inakisi, yaani inageuza tanga upande wa pili, kwa jasho. Chombo kinaelekezwa chini ya upepo, kamba ya demani inalegezwa, foromali, ule mti unaobeba tanga, inasimamishwa wima na kuzungushwa mbele ya mlingoti, tanga linahamia upande wa pili, kamba za kuushikilia mlingoti zinahamishwa zikazwe upande wa joshi, ndipo tanga lifunguliwe tena. Ni hatari pia. Foromali ni nzito, na upepo ukiliwahi tanga kabla halijashikwa, mtu anaweza kutupwa baharini. Muda wote huo chombo kinarudi kilikotoka. Kwa hivyo ukiwa na haki ya kanuni ya 12 mkononi na mbele yako kuna mashua imejaa watu na samaki, usiingoje haki yako. Pinda wewe.

Ila pinda mapema. Hili ndilo jambo ambalo wenye roho nzuri hulikosea. Kanuni zinamtaka mwenye haki ashike njia yake bila kubadilika, ili yule anayepisha ajue pa kupita. Ukingoja mpaka mko karibu, yeye ameshaanza kukisi ili akupishe, halafu wewe kwa wema wako ukapinda, mnaweza kuishia mmeelekeana tena. Nikiona mashua kwa mbali na nikahisi njia zetu zitakutana, hapo hapo nabadilisha njia, tena waziwazi, mpaka aone ubavu wangu wote. Kupinda kidogo kidogo hakuonekani kutoka kwenye chombo kingine. Nikiwa nimechelewa, basi nashika njia yangu na kumwachia yeye afanye anachotakiwa kufanya, mkono tayari kwenye kana.

Mengine hayamo katika kanuni yoyote. Baharini kwetu huwezi kumpita mtu kimya kana kwamba ni jiwe. Unamwamkia. Na salamu hiyo ina kazi: ndiyo inayokupa ramani ya nyavu zake.

"Salaam alaykum, ami! Zimelala wapi?"

"Waalaykum salaam. Zote huku juu, mpaka kwenye kitambaa kile. Nipitie tezi, mwanangu, lakini usikaribie, kuna kamba."

"Haya, ami. Mmejaaliwa?"

"Alhamdulillah, kidogo kidogo."

Mazungumzo kama hayo hayachukui dakika, na kila nahodha wa machweo anaweza kuyafanya, hata asiyetoka hapa. Kama sauti haifiki, mkono unafika. Mvuvi ukimnyooshea mkono wa kuuliza atakuonyesha kwa mkono wake zilipo nyavu, na huo ndio upande wa kutokwenda. Wageni wasianze kupiga picha kabla salamu hazijajibiwa. Ukiwa na maji ya kunywa baridi au kipande cha barafu, mpe. Amekaa juani tangu alfajiri. Ukitaka kununua samaki, mwulize bei kama unavyouliza pwani, na usimsogelee mpaka akuite, kwa sababu yeye ndiye anayejua mishipi yake imelala vipi.

Na ikitokea chombo chako kimenasa nyavu, simama. Shusha tanga, zima mashine kabisa. Usikate mpaka mwenye nyavu afike. Mara nyingi zinanasuka kwa mkono wa anayezijua, kwa mtu mmoja kuzama na kuzitoa usukanini bila kukata uzi hata mmoja. Kama lazima zikatwe, akate mwenyewe, mahali ambapo zitaungika. Chukua jina lake, mpe lako, na mfike wote kwa bwana diko, msimamizi wa diko, siku hiyo hiyo.

Kesi ya yule kijana ilifika kwa bwana diko kwa kuchelewa, kisha ikaenda kwa sheha pamoja na kamati ya wavuvi. Niliitwa nieleze kanuni inasemaje, nikaeleza kama nilivyoeleza hapa, pande zote mbili. Nahodha wa katamarani alisikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali mazuri kuhusu upepo na omo, halafu akasema hakuwahi kuambiwa hivyo na aliyemfundisha. Malipo ya jarife yamekubaliwa kwa awamu. Kijana naye alitakiwa ajibu kwa nini chelezo lake la mwisho lilikuwa chupa ya kijani isiyo na kijiti wala kitambaa, na hakuwa na jibu la maana.

Lililobaki halijakubaliwa ni njia ya machweo. Mimi napendekeza vyombo vya wageni vikae karibu na pwani, upande wa Kendwa, mpaka ngalawa za usiku ziwe zimeshatoka, na maji ya mbali yaachiwe wavuvi jua likianza kuzama. Baadhi ya wenzangu wanasema wageni hawatalipia safari ya kukaa karibu na pwani. Wavuvi nao wanakataa sharti la kijiti chenye kitambaa cheupe na taa ndogo ya sola kwenye kila chelezo, wanasema taa zitaibiwa. Kikao kingine kipo baada ya Idi, chini ya mkungu, baada ya sala ya alasiri. Nimeshanunua taa nne za sola kwa pesa yangu, na kaka yangu wa dagaa amekubali kuzifunga kwenye vyelezo vya jarife la yule kijana, tuone zitakaa muda gani.